Niliyomficha Zuhura Njiani Choquequirao

Mwezi uliopita daktari aliniambia nirudi kwake baada ya miezi sita. Nilimwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya na kwamba amesema wiki. Aliyewahi kukaa kwenye viti vya kliniki ya saratani, akiangalia nani ameitwa na nani bado, ataelewa kwa nini nilitoka pale nikasimama kwenye maegesho ya magari na kusahau nilikuwa nimekusudia kwenda wapi.

Sasa nimepata nafasi ya kupumua, nimeona niandike. Sikusoma udaktari. Nilimaliza kidato cha nne Moshi, nikabeba mizigo ya watalii mlimani miaka kadhaa, kisha nikaja Birmingham nikaendesha mabasi mpaka nikastaafu. Kwa hiyo usitafute humu maelezo ya dawa. Namwandikia mwanamume wa rika langu anayeficha kitu chooni na kutoka akiwa amekaza uso, maana na mimi nilikuwa hivyo.

Lazima nianze na kazi ya mlimani, kwa sababu ndiko nilikojifunza kuficha. Wapagazi wa Kilimanjaro tunaitwa wagumu. Zamani zetu, mgumu akionekana anakohoa au anatapika, alirudishwa chini, mzigo wake ukachukuliwa na mwingine aliyekuwa akisubiri getini, na safari iliyofuata hakuitwa. Basi tulijua la kufanya. Unakunywa uji mbele ya kiongozi ili akuone ukimeza. Unatembea nyuma ya mwenzako mwenye mzigo mpana. Unacheka kabla hajakutazama. Na akikuuliza hali, unajibu kabla hajamaliza swali. Mimi niliwahi kufika kibanda cha Horombo nina malaria, na wenzangu walinisifu kwa jambo hilo kwa miaka. Nilizilea sifa zile mpaka uzeeni.

Mwanangu Zuhura, wa pekee, ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Stechford, mtaa mwingine wa Birmingham. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza. Hapa nimemwandika kwa lugha yangu. Alikuwa amepanga na mwalimu mwenzake kwenda Peru, kutembea kwa miguu siku kadhaa na kiongozi hadi Choquequirao, magofu ya Wainka yaliyo mbali milimani ambako gari halifiki. Mwenzake akavunjika kifundo cha mguu. Zuhura alikuja kwetu Sparkhill kutuambia anafuta safari, macho yamemvimba.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Mama Zuhura aliweka kikombe chini. "Baba Zuhura, mlima uliokuzoea ni ule wa kwenu Moshi. Hiyo ya huko haikujui."

"Mlima ni mlima."

"Na goti ni goti," akasema, na Zuhura akacheka, na jambo likapita.

Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuumwa. Tangu majira ya baridi nilikuwa nikipanda ngazi za nyumbani kwangu, nasimama katikati na kujifanya natazama picha ya ukutani. Choo changu kilikuwa kikitoka cheusi, na mara nyingine chekundu. Nikajiambia ni bawasiri. Halafu kulikuwa na kile kichupa cha kupimia choo ambacho Uingereza hutumwa kwa posta kwa watu wa umri wangu ili saratani igunduliwe mapema, uchukue kidogo, ufunge, urudishe. Mimi, mtu mzima, nitie uchafu wangu kwenye bahasha ili tarishi aubebe? Nilikitupia juu ya kabati. Kama na wewe unacho juu ya kabati lako, weka simulizi hii chini, kakitoe, ndipo uendelee kusoma.

Tuliondoka Juni, ambao kule ni wakati wa kiangazi. Mji wa Cusco uko juu sana, na kila mgeni huhema akipanda ngazi za hoteli. Kwangu hiyo ilikuwa faraja. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kila mtu alikuwa akihema kama mimi.

Kiongozi wetu aliitwa Efraini, mtu mfupi wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya upole na Kiingereza cha kutosha. Alikuwa akiniita Papi, yaani baba. Zuhura alikuwa amemweleza kwamba baba yake alibeba mizigo Kilimanjaro, na tangu hapo alinitambulisha kwa kila mtu tuliyekutana naye kama mwenzake wa kazi. Mizigo ilibebwa na nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, na mmoja wa ziada hakuwa na mzigo wowote. "Huyu ni wa atakayechoka," Efraini alisema. Nikamwambia huyo nyumbu atarudi amenenepa.

Njia ya Choquequirao ni hivi: unaanza juu ukingoni mwa bonde, unashuka siku nzima mpaka mto Apurimac, unavuka daraja, kisha unaupanda mlima wa ng'ambo kama unayepanda ukuta. Kurudi ni njia ileile. Bonde ni la kutisha kwa kina chake. Ukitupa macho chini, mto ni uzi mweupe, na sauti yake haikufikii.

Kila asubuhi Efraini alikuja na chai, akachuchumaa mbele ya hema, akauliza maswali yaleyale ambayo viongozi wa kwetu huuliza.

"Papi, umelala? Umekula? Choo kikoje?"

"Safi," nilijibu kabla hajamaliza. "Kama kijana."

Zuhura alijifunika kofia usoni. "Ya Rabi, nimetoka Birmingham kuja kusikia habari za choo cha baba yangu." Kisha akaniangalia. "Lakini kweli uko sawa?"

"Niko sawa."

Nilinywa supu mbele yao, sauti ikisikika. Siku ya kupanda, nilitembea nyuma ya nyumbu wa vyombo, mpana kuliko wote. Niliposikia moyo unanigonga masikioni nilisimama na kuuliza jina la mmea huu au ule, na Efraini, kwa ukarimu wake, akanieleza kwa kirefu. Nilijifunza majina ya mimea mingi ya Peru kwa njia hiyo. Nilikuwa na ujuzi wote wa kazi, nikautumia dhidi ya watu wawili waliokuwa wanataka nifike salama.

Na nilifika. Namshukuru Mungu kwa hilo, hata sasa ninapojua gharama yake mwilini. Magofu yapo mgongoni mwa mlima, kuta za mawe, uwanja wa majani, na chini yake matuta ya kilimo yanashuka hadi msituni. Kwenye kuta za matuta wamepanga mawe meupe kufanya umbo la llama, mnyama wa mizigo wa kule, mkubwa na mtoto wake, safu kwa safu, wanapanda mlima. Hatukukuta zaidi ya watu kumi pale. Zuhura alinishika mkono akanionyesha mfereji wa mawe uliokuwa ukipeleka maji kwenye matuta.

"Baba, hii si kama ile mifongo uliyonihadithia?"

Mfongo ni mfereji wa Wachagga, unaoteremsha maji kutoka mlimani hadi mashambani. Baba yangu alikuwa na zamu yake ya maji, nami nilitumwa kuyafungulia. "Ndiyo yenyewe," nikamwambia, "ila hawa wameijengea mawe. Sisi tuliziba kwa majani ya mgomba na matusi." Alicheka mpaka akakaa chini. Nikakaa naye. Tulikaa muda mrefu, nami nikamweleza juu ya babu yake mambo ambayo sikuwahi kumweleza katika nyumba yetu ya Sparkhill. Mchana ule haukuwa na uongo ndani yake isipokuwa mmoja.

Tulipoteremka tena mtoni kwa ajili ya kurudi, miguu ilikataa. Nilikaa juu ya jiwe karibu na daraja, nikiona vidoadoa vyeusi mbele ya macho. Efraini alikuja akachuchumaa kama kawaida yake, ila safari hii hakuwa na chai.

"Papi, hapa tuko chini sana kuliko Cusco. Hewa ni tele. Kama ni mlima uliokuwa ukikusumbua, hapa ungekuwa unaimba." Alivuta chini kope ya jicho langu kwa kidole, akatazama ndani, kisha akanigeuza kiganja. Palikuwa peupe. "Unapoteza damu mahali. Tangu lini?"

Zuhura alikuwa amesimama nyuma yake.

"Tangu jana," nikasema.

Efraini alibaki amenitazama tu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize sentensi. Nami nilikuwa nimechoka kiasi cha kukosa hata nguvu za kudanganya.

"Tangu majira ya baridi."

Zuhura aligeuka akatembea mpaka kwenye daraja, akasimama pale akishika waya, mgongo kwetu.

Basi yule nyumbu niliyemcheka akanibeba. Mwenye nyumbu, mzee wa rika langu, alitembea ubavuni pangu siku nzima, mkono wake mmoja umenishika mkanda nisidondoke, na kila tulipofika kwenye kona mbaya alinipiga paja kidogo kuniashiria nijishikilie. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Bado namwombea.

Tulipofika juu, Zuhura alinikalisha kwenye gari, akanifunga mkanda kama mtoto, ndipo akasema.

"Niliulizwa na Mama kama niko tayari kukutunza. Nikamwambia ndiyo. Nilikuuliza kila asubuhi, Baba. Ulinitazama machoni."

"Sikutaka kukuharibia safari."

"Na kama ungekufa pale mtoni? Mama ningemwambia nini?"

Akafunga mlango, akaenda kukaa mbele na dereva.

Hospitali ya Cusco waliniongezea damu ili niweze kupanda ndege. Nililala nikiitazama inavyoshuka kwenye mpira, tone kwa tone, na vidole vyangu vikaanza kupata joto. Sijui ni damu ya nani. Kuna mtu kule mlimani aliyekaa kwenye kiti siku moja akanyoosha mkono, na mimi nikarudi Birmingham kwa damu yake.

Mambo ya nyumbani yalikwenda haraka. Kamera ikapitishwa ndani ya utumbo, picha zikapigwa, na daktari mwanamke mwenye upole akatuambia ni saratani ya utumbo mpana, upande wa kulia, na kwamba inaweza kukatwa. Mama Zuhura alisikiliza bila kulia. Tulipofika nyumbani alipanda juu ya kiti kutafuta sanduku la kuendea hospitali, akakikuta kile kichupa juu ya kabati, bado kwenye bahasha yake. Alishuka, akakiweka mezani mbele yangu.

"Uliona haya kutuma mavi yako," akasema. "Hukuona haya kuniacha mjane."

Katika yote niliyosikia mwaka ule, hakuna lililoniingia kama hilo. Halafu akaenda jikoni akanipikia mtori wa ndizi na nyama.

Walinikata mwishoni mwa kiangazi cha hapa, wakati watoto wa mtaa wetu wanarudi shule. Niliamka na mshono mrefu tumboni, nikaogopa kukohoa. Muuguzi alinifundisha kukumbatia mto ninapokohoa, na jambo dogo hilo lilinisaidia kuliko dawa nyingi. Suruali zangu zote zikawa za mtu mwingine. Nilipojitazama kwenye kioo cha bafuni niliona mabega ya baba yangu alipokuwa anakaribia kufa, nikazima taa.

Zuhura alihamia kwetu. Alikuja na begi la nguo na mto wake, akalala kwenye kochi la sebuleni, na asubuhi akaendesha gari kwenda shuleni kwake.

"Kitanda chako kina kosa gani?" nilimwuliza.

"Hakina kosa. Simu yako ndiyo siiamini. Nikipiga utasema uko sawa."

Huo ulikuwa mzigo mzito kuliko mshono. Alimwuliza mama yake nimekula nini, si mimi. Alimweleza muuguzi aliyekuja nyumbani jinsi nilivyolala, nikiwa nimekaa palepale. Siku moja nikapandisha sauti, nikamwambia mimi si mtoto.

"Mtoto angesema ukweli," akajibu, akaendelea kukunja shuka.

Majani ya barabara yetu yalipoanza kuanguka nilianza dawa za kemo. Kila baada ya wiki tatu nilikaa nusu siku kwenye kiti cha dripu, kisha nikapewa vidonge vya kumeza nyumbani. Chumba cha kusubiria kilikuwa na televisheni isiyo na sauti na watu wasiotazamana. Mara ya kwanza nilimwambia Mama Zuhura kwa Kiswahili kwamba heri turudi nyumbani. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu akageuka.

"Papa, hapana ogopa. Ni mara yako ya kwanza?"

Alikuwa Mkongo kutoka Uvira, anakaa Balsall Heath, fundi cherehani. Watu walimwita Papa Bahati. Alikuwa ameshapita mizunguko mitatu ya dawa hiyohiyo.

"Kesho usiguse kitu ya baridi," akaniambia. "Friji, robinet ya maji, mlango ya chuma, hapana. Utasema nyoka imekuluma. Na ukitoka inje, funika kinywa."

"Asante sana, ndugu yangu. Nitayazingatia maelekezo yako."

Alimgeukia Mama Zuhura. "Mama, bwana yako anaongea Kiswahili ya radio. Hata nyumbani iko vile?"

"Nyumbani hata hasemi," akajibu mke wangu. "Ndiyo maana tuko hapa."

Papa Bahati akacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini.

Alisema kweli kuhusu baridi. Asubuhi iliyofuata nilishika chupa ya maziwa nikaiachia sakafuni. Hewa baridi ya barabarani, Stratford Road, ilipoingia kooni nilihisi koo linafungwa kwa kamba. Mama Zuhura alikata sweta kuukuu akaushonea mshikio wa friji, kisha mshikio wa mlango wa mbele, na mwisho bomba la bafuni. Nyumba yetu ilionekana kama imepata mafua. Majira yote ya baridi nilikunywa maji ya vuguvugu na kuvaa glavu mezani, na kila nilipougusa mshikio ule wa sufu nilijua kwamba ameshanisamehe, ingawa mdomoni hakuwahi kusema.

Papa Bahati alimaliza mizunguko yake kabla yangu. Bado tunazungumza kwa simu, hasa kubishana.

Ramadhani ikanikuta kwenye mzunguko wa mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu sikufunga. Nilikula uji wangu mchana peke yangu, nikiona aibu, mpaka Mama Zuhura akaniambia nile bila kukiomba radhi kijiko.

Hospitali walikuwa wametuonya jambo moja kuliko mengine yote: homa. Dawa inaua kinga ya mwili, na homa ndogo inaweza kuwa hatari kubwa. Wakatupa namba ya kupiga saa yoyote, na kipimajoto.

Siku ya Idi walikuja wageni wachache. Mama Zuhura alikuwa amepika pilau tangu alfajiri, na Zuhura alikuwa amevaa gauni jipya, anacheka na mama yake jikoni. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu siku ile ya matuta na mfereji. Nilikuwa nimekaa na wageni sebuleni nilipohisi ubaridi ukinipanda mgongoni, kisha meno yakataka kugongana. Nikayauma. Nikachukua sahani, nikala matonge mawili makubwa ili nionekane ninakula. Mgeni mmoja akatania jambo, nikacheka kabla hajamaliza.

Hapo ndipo nilipojishtukia. Nilijiona niko Horombo, na niko nyuma ya yule nyumbu, yote kwa pamoja. Nilijua kabisa ninachofanya na ninavyokifanya vizuri. Nikafikiri: acha wale kwanza. Acha Zuhura amalize siku yake. Jioni nitasema.

Zuhura aliingia na jagi la juisi. Hakuniuliza chochote. Alikuwa ameacha kuniuliza siku nyingi.

"Zuhura," nikasema, "nina homa. Imeanza sasa hivi. Chukua funguo za gari."

Alisimama na lile jagi akinitazama, na nadhani kwa muda mfupi hakuelewa nani aliyezungumza. Kisha akaliweka chini.

"Unahisi nini kingine?"

"Natetemeka. Kichwa kinauma. Na hii pilau nimeila kwa ajili ya macho yenu tu, nisameheni."

Mama Zuhura alikuwa ameshaleta koti langu.

Njiani Zuhura alipiga ile namba, akaniwekea simu karibu na mdomo ili nijibu mwenyewe. Nilijibu kila swali, na nilingoja liishe kwanza. Hospitali walinichukua moja kwa moja, wakanitia dripu ya dawa ya kuua vijidudu. Kinga yangu ilikuwa chini sana. Daktari wa zamu alisema tumefika mapema. Sikumwuliza tungechelewa ingekuwaje. Zuhura alikaa kando ya kitanda na gauni lake la Idi, viatu amevua, akala pilau baridi kutoka kwenye bakuli ambalo mama yake alilituma.

"Umeniharibia Idi, Baba," akasema, mdomo umejaa.

"Nimeiharibu."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaendelea kula.

Nililazwa hadi damu yangu ilipotulia. Niliporudi nyumbani miti ya barabarani ilikuwa imeanza kuchipua, na ningeweza kushika friji bila glavu, ingawa ncha za vidole vyangu bado zina ganzi na huenda zikabaki hivyo. Vifungo vya shati nafungiwa. Nimezoea.

Wiki hiyo nilimkuta Zuhura sebuleni anakunja blanketi lake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu. Kitanda changu kimenisahau."

"Na mimi nikiumwa?"

"Utanipigia," akasema, "na utaniambia."

Alichukua mto wake kochini, akautia kwapani, akanibusu mkono kama alivyofundishwa na mama yake, akatoka. Kwa miezi yote ile kila alipoondoka asubuhi alirudi mara moja mlangoni kunitazama, kana kwamba amesahau kitu. Safari hii nilimsikia akifungua gari, akaliwasha, akaenda.